Gogo Lililolala Juu ya Chemchemi

Kitongoji cha Kuwanose kimekaa ubavuni mwa mlima, nyumba tisa tu, na mteremko wake ni mkali kiasi kwamba ukiangusha kiazi mlangoni kwako utaenda kukiokota kwa jirani wa chini. Nyumba ya juu kabisa ni ya Bi Masue, mjane wa miaka themanini na mmoja, mfupi, mkavu, mwenye mdomo usiojua kuomba. Juu ya nyumba yake hakuna mtu tena. Kuna msitu wa mierezi, na ndani ya msitu huo kuna chemchemi ambayo babu za babu zake waliijengea birika la mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila hata kijiko cha saruji. Maji hutoka katika birika hilo na kushuka kwa bomba mpaka jikoni kwake. Ni maji matamu, na baridi yake hutia ganzi meno. Nimeyanywa mwenyewe, sisemi ya kuambiwa.

Mwishoni mwa Septemba kimbunga kilipita kwetu usiku kucha, na kulipokucha mwerezi mmoja mkongwe ulikuwa umeng'oka na mizizi yake na kulala juu ya birika hilo. Majirani walipanda na misumeno ya injini, wakakata matawi, wakakata shina kipande baada ya kipande, mpaka likabaki gogo moja la chini, hatua tatu kwa urefu, unene wake ukimfika mtu kiunoni. Hilo halikukatika. Lilikuwa limejibana katikati ya mawe, na mnyororo wa msumeno ungegonga jiwe kabla ya kumaliza mti. Hata kama lingekatika, vipande vyake vingeporomokea birikani na kulivunja, na mawe yale hakuna aliye hai anayejua kuyapanga tena. Wanaume sita walilisukuma kwa magongo, wakaambulia maumivu ya viuno. Gari halifiki pale. Njia yenyewe ni ya kupita mtu mmoja na mzigo wake.

Basi kwa zaidi ya mwezi mmoja tukawa tunampandishia Bi Masue maji kwa madumu, kwa zamu. Yeye alishukuru kwa kuinama, kila dumu na kuinama kwake, na kila siku alizidi kukonda. Mwanawe wa pekee, Takanori, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu anayeishi Osaka, alikuwa amemwomba ahamie kwake tangu mumewe afe, naye mama mtu akawa anajibu kuwa ghorofa ya nane ni mahali pa ndege. Safari hii hakuwa na la kujibu. Walikubaliana kwa simu kwamba Jumamosi ya kwanza ya Novemba Takanori atakuja na gari. Ikiwa maji yatakuwa yanatiririka jikoni kufikia saa kumi jioni, mama atabaki. Yasipofika, ataondoka naye siku hiyo hiyo, kwa maana jua huzama mapema na barabara ya kushukia bondeni haina mzaha. Bi Masue alisema sawa. Kwake yeye neno likishatoka halirudi, hata kama ni la kumchoma mwenyewe.

Sasa nimlete Mizuho. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na minne aliendesha basi la bondeni kwa miaka kumi na sita, mpaka abiria walipokwisha na njia ikafungwa, akajiunga na kikundi chetu cha kuni. Kutoka kwenye basi alikuja na desturi ya madereva wote wa nchi hii: kabla ya kufanya jambo hunyoosha mkono, hukielekeza kidole kwenye kitu, na kukitaja kwa sauti. Mlango, sawa! Kioo, sawa! Tulimcheka, maana alikinyooshea kidole hata chungu cha wali. Lakini kikundi kilipopata winchi ya kubebwa mgongoni, mashine ya kuvutia vitu vizito kwa kamba, yeye ndiye aliyetumwa mjini siku mbili kufundishwa namna ya kuitumia bila kuua mtu, na aliporudi sote tulijua kwamba kwenye mambo ya kamba neno lake ndilo la mwisho.

Jumamosi hiyo alipanda na winchi yake kabla ya saa tatu asubuhi, nasi nyuma yake. Aliitoa begani akaiweka juu ya majani, na watu wakatazamana. Ilikuwa ndogo kuliko chungu cha wali wa watu wanne. Ilikuwa na pipa dogo la kuzungushia kamba, kamba yenyewe ya nyuzi za plastiki, nyembamba kama kidole cha mwisho, na ubavuni ilitokeza ncha ya chuma ya kuingia kwenye mdomo wa drili. Drili ni hii hii ya betri, ya kufungia skrubu za rafu.

Aliyecheka kwa sauti alikuwa Mzee Kunihiro. Ana miaka sabini, na arobaini na mitano kati ya hiyo ameimaliza akiangusha miti. Ujanani alivuta magogo kwa fahali, baadaye kwa waya wa juu kwa juu kutoka mlima hadi mlima, na vidole vyake vilivyobaki ni vinane.

"Dereva," alimwambia Mizuho, "hiki ndicho kitavuta gogo? Mbona kama cha kusagia nyama?"

"Fahali wako alikuwa na pembe, mzee," Mizuho alijibu huku akivaa glavu. "Huyu hana. Ila hali majani, na hakukanyagi mguu."

Tukacheka, hata Bi Masue. Alikuwa amekaa juu ya kisiki na kitambaa chake cha kichwani kimefungwa vizuri, na furushi la nguo zake lilikuwa tayari limeshafungwa kule nyumbani. Tulipopita mlangoni tuliliona, na hakuna aliyelitaja.

Kwanza tulimwaga sake, pombe ya mchele, na chumvi chini ya mti, maana mlima una mwenyewe. Huyo mwenyewe ni mwanamke, na husemwa kuwa sura yake si nzuri na wivu wake ni mwingi. Mzee Kunihiro akachomoa kifuani samaki mkavu anayetembea naye kila apandapo mlima, mwenye sura ya kutisha, akamwonyesha mlima nusu tu na kumrudisha haraka. Mama wa Mlima akijua kuna kiumbe kibaya kuliko yeye, roho yake hutulia. Hayo tumeyakuta, na tutayaacha.

Mizuho alizunguka gogo mara tatu bila kusema. Alikuwa amepanga kulivuta moja kwa moja kwa kamba moja, lakini mvua za mwezi mzima zilikuwa zimelizamisha zaidi, na uzito wake haukuwa chini ya kilo mia nane. Akabadili shauri. Winchi ataifunga kwenye mwaloni mmoja ulio hai, kamba itakwenda mpaka kwenye kapi, gurudumu la kupitishia kamba, iliyofungwa kwenye gogo, itazunguka, na kurudi kufungwa kwenye mwaloni wa pili. Kwa njia hiyo mzigo utagawanyika mara mbili, na winchi itavuta nusu tu. Ni shauri zuri, ila lilihitaji mkanda wa pili wa kuuzungushia mwaloni huo wa pili na kushikia kamba, naye alikuwa amekuja na mmoja. Mingine ilikuwa kwenye banda la kikundi, kule bondeni.

Hapo Mzee Kunihiro akang'aa uso. Akafungua mkoba wake na kutoa mkanda mpana wa njano. "Huu umevuta magogo ambayo baba zenu wangeyakimbia," akasema, na kumkabidhi Takanori, aliyekuwa amefika na gari lake asubuhi na kupanda nasi, aupeleke kwenye mwaloni wa pili. Takanori aliupokea kwa mikono miwili kama ipasavyo. Aliugeuza, akautazama, akaenda kuufunga kama alivyoelekezwa.

Mizuho alikuja kuukagua. Karibu na mshono njano ilikuwa imefifia na kuwa nyeupe kwa jua la miaka mingi kwenye gari la mzee, na ukingoni nyuzi zilikuwa zimesimama kama ndevu za mahindi. Mwalimu wake wa mjini alikuwa amewaambia mkanda wa namna hiyo haupumzishwi wala haushonwi. Unakatwa kwa kisu palepale, mtu mwingine asije akauokota akautumia. Mizuho alilikumbuka hilo neno kwa neno.

Lakini Mzee Kunihiro alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, anatabasamu, na kitongoji kizima kinatazama. Kwetu kumsahihisha mzee mbele za watu ni kumvua nguo. Humwambii pale, unamngojea pembeni, kwa chai, kwa maneno ya kuzunguka. Na hapakuwa na muda wa chai. Ilikuwa imeshafika saa tano, na kwenda bondeni na kurudi ni saa mbili na zaidi. Alimtazama Bi Masue juu ya kisiki, akakunjua mkono, akakinyoosha kidole.

"Mkanda, sawa!"

"Sawa!" tukaitikia sote.

Kidole kilisema sawa, na jicho lilikuwa limeshasema vingine.

Mengine yote aliyafanya kwa haki, wala simwonei. Aliacha mizunguko sita ya kamba kwenye pipa la winchi, ili isije ikachomoka. Aliiweka drili kwenye mwendo wa chini kabisa, akaifunga mpini wa pembeni ili ikamatike kwa mikono miwili, maana drili ikikwama huupinda mkono wa mtu mpaka ukavunjika. Alivua skafu, akaficha nywele. Alimwomba Bi Masue mafarishi mawili mazito ya zamani, yale ya kulalia sakafuni, akayalowesha mtoni na kuyatandika juu ya kamba, moja kila upande. Kamba ikikatika, alisema, huruka, na huruka na chochote kilichofungwa mwishoni mwake. Farishi lililolowa litaiangusha chini. Mwisho alitazama ile nafasi ya katikati, kati ya kamba inayokwenda na kamba inayorudi. Humo ndani, karibu na gogo, Mzee Kunihiro alikuwa amesimama na gongo lake lenye ndoana.

Mizuho alimwambia atoke. Mzee akajibu kwamba mahali hapo pa kusimama pembeni ya gogo amepasimama kabla dereva hajazaliwa.

"Basi umesimama vya kutosha, mzee wangu. Toka ndani ya kamba, la sivyo sibonyezi."

Watu walicheka, naye akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekosewa adabu, akaenda kusimama nyuma ya jabali. Mara nyingi nimelifikiria jambo hilo. Lile la kusimama lilikuwa na mzaha ndani yake, na mzaha hulainisha kila kitu. La mkanda halikuwa na mzaha wowote wa kulibebea, ndiyo maana lilibaki kooni.

Mizuho alipuliza filimbi mara mbili na kubonyeza drili.

Sijui nieleze vipi yaliyofuata. Nimeona mito ikibeba madaraja, lakini ile ilikuwa nguvu yenye kelele. Hii ilinguruma kwa sauti ya kutengeneza kabati. Kamba ilijikung'uta majani, ikanyooka, ikaanza kutoa sauti nyembamba tuliyoisikia zaidi tumboni kuliko masikioni. Mizuho alibonyeza kidogo, akaachia. Winchi ikashika yenyewe, hairudi nyuma hata unywele. Akabonyeza tena. Kisha lile gogo, ambalo wanaume sita hawakulitikisa, likapumua. Ndivyo ilivyosikika. Tope lilifyonza, maji machafu yakapenya chini yake, na gogo likasogea upana wa kiganja. Mwanamke mmoja aliyekonda, vidole viwili kwenye swichi, analisogeza jitu la miaka mia na hamsini. Nakiri nilivua kofia bila kujua naivua kwa nani. Mzee Kunihiro nyuma ya jabali alikuwa ameachama.

Likasogea kiganja cha pili. Likapanda juu ya jiwe la ukingo. Hapo ndipo mkanda ulipokatika.

Haukulia kama kamba inavyolia. Ulipasuka kama risasi. Pete ya chuma iliyokuwa imeushika iliruka kuelekea kwenye gogo, farishi la Bi Masue likaikokota chini, nayo ikajipigiza kwenye tope na kuchimba shimo la kuingia kichwa cha mtu. Shimo hilo lilikuwa mahali pale pale alipokuwa amesimama Mzee Kunihiro na gongo lake. Gogo likateleza nyuma, likaketi tena juu ya birika kwa kishindo, na jiwe moja la ukingo likapasuka.

Mizuho aliishusha drili chini polepole, akaondoa betri, akavua glavu. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Niliona," alisema. "Niliona mkanda umekwisha, nikasema sawa."

Mzee Kunihiro alitoka nyuma ya jabali, akalitazama lile shimo muda mrefu, akaingiza gongo lake ndani kulipima. Kisha akapiga magoti kwenye tope, mzee wa miaka sabini, mbele ya watu wote.

"Ni mimi," akasema. "Nilijua toka jana, nilipoutoa kwenye gari. Ulikuwa mkavu mkononi. Nikasema nisije nikawa mzee wa kuja mikono mitupu, wa kuangalia tu mashine za wenzake. Dereva amenitoa pale, mimi nimemletea mkanda wa kuniua."

Takanori alikuwa amesimama kando ya mwaloni, anakitazama kipande cha mkanda kilichobaki. Midomo yake ilifunguka, ikafungika. Akasema tu kwamba ataenda yeye bondeni kuleta mkanda mpya, akageuka na kushuka mbio kuelekea kwenye gari lake, mtu wa mjini na viatu vyake vya mjini, akiteleza na kuinuka. Ilikuwa yapata saa saba.

Tulikaa tukala matonge ya wali na figili, na hakuna aliyekuwa na njaa. Bi Masue alizunguka na birika la chai akammiminia kila mtu. Alipofika kwa Mzee Kunihiro alimjazia kikombe mpaka ukingoni.

Takanori alirudi saa tisa na robo, suruali imechanika gotini, na mikanda mipya miwili shingoni. Tulidhani Mizuho atafunga haraka aanze, kwa kuwa saa moja tu ilibaki kasoro robo. Badala yake alituita sote.

"Lile neno sawa nimelizika leo," alisema. "Sitaki kulisikia. Kila mtu ataweka mkono wake kwenye kitu, aseme anachokiona. Akiona kibaya aseme kibaya, hata kama ni changu, hata kama ni cha marehemu baba yake."

Basi tukapita mmoja mmoja. Wa kwanza akasema mshono mzima, mwingine mti hai, gome halijachubuka. Mzee Kunihiro alisema kapi ina tope, akalifuta kwa mkono wa shati lake. Zamu ya Takanori ilipofika aliugusa mkanda mpya kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akasema ni mpya na hauna dosari. Kazi hiyo peke yake ilikula dakika ishirini.

Winchi ilianza tena kuvuta. Kiganja, kiganja kingine. Gogo lilipanda juu ya jiwe, likabaki pale linaning'inia, Mizuho akabonyeza, na moshi mwembamba ukatoka kwenye drili. Akaachia papo hapo. Winchi ilishika mzigo, nasi tukashika pumzi. Drili ilikuwa inaungua, ilitaka kupoa, na saa ilikuwa kumi kasoro dakika nane. Jirani mmoja akanong'ona kwamba abonyeze kidogo tu, kidogo tu. Aliyemgeukia alikuwa Mzee Kunihiro, yule yule.

"Iacheni ipoe," alisema. "Nani kati yenu anataka kusimama kwenye lile shimo?"

Tukangoja. Sijawahi kungoja namna ile, watu kumi na mmoja wakiitazama mashine ndogo ikipoa, na gogo zito limening'inia kwa uzi mwembamba, halipandi wala halishuki. Msitu mzima ulikuwa umesimama wima kutuzunguka. Nilijiona mdogo sana, na sikuona vibaya.

Saa kumi ilipofika Bi Masue aliinuka kutoka kwenye kisiki. Akavuta kitambaa chake, akatuinamia mara moja, chini kabisa, akaanza kushuka. Mke wa jirani alimkimbilia na kumsihi angoje kidogo, maji yako mlangoni. Yeye akajibu kwa upole kwamba aliahidi saa kumi, na saa kumi ni hii. Tulimwona akiingia nyumbani, akitoka na furushi lake, akifunga mlango, akikaa ndani ya gari la mwanawe. Mizuho aliuma mdomo. Hakubonyeza kabla ya wakati.

Drili ilipopoa alivuta tena, na gogo likatoka. Lilitoka taratibu, bila haraka wala kishindo, likateleza kwenye majani mpaka sehemu tambarare na kulala. Tulitia kabari pande zote mbili, Mizuho akalegeza kamba, ndipo tukathubutu kusogea. Birika lilikuwa wazi. Jiwe moja lenye ufa, mengine yote mazima. Maji ya chemchemi yalijaa polepole mbele ya macho yetu, yakatulia, yakaanza kuingia bombani. Watu wazima, wengine tumezika wake na waume, tumesimama tunatazama maji kama tunayaona kwa mara ya kwanza.

Takanori hakungoja. Alishuka mbio mpaka jikoni kwa mama yake, akafungua bomba. Likakohoa hewa, likatema kutu, kisha likatoa maji. Alijaza kikombe cha chai, akakibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye gari. Mimi nilikuwa nyuma yake na yale mafarishi yaliyolowa, ndiyo maana nilisikia.

"Mama, maji yamefika."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika arobaini."

"Basi tumechelewa. Washa gari."

Takanori hakuwasha gari. Alichuchumaa kwenye mlango, kikombe bado mkononi.

"Mama, ule mkanda niliubeba mimi. Niliugeuza, nikaona nyuzi zake zimekwisha. Nikanyamaza. Nilitaka maji yasifike, twende zetu."

"Kunihiro alikuwa amesimama pale," Bi Masue alisema.

"Najua."

"Angekufa. Ningekwenda Osaka na maiti ya mtu moyoni, wala nisijue."

"Najua, Mama. Kila kimbunga kikitangazwa silali. Naikodolea macho simu mpaka asubuhi. Sikujua nikwambie vipi."

Mama mtu alipokea kikombe, akanywa maji yote bila kupumua, akakirudisha.

"Miaka sita umekuwa ukiniambia nyumba ni mbovu, ngazi ni mbaya, barabara ni mbaya," alisema. "Hukuwahi kuniambia kuwa hulali. Ungesema hivyo, ningekuja kwa miguu yangu." Kisha akakanyaga nje ya gari, mguu mmoja, mguu wa pili. "Leo nimeshakaa ndani ya gari saa kumi kama nilivyoahidi; wewe ndiye umekataa kuwasha. Nalala kwangu. Mwaka mpya nitakuja kwako kwa treni, nikae mpaka theluji iyeyuke. Sasa nenda kamwambie Kunihiro ulichoniambia. Mwambie mbele ya watu."

Takanori aliinuka, akapanda tena ule mlima, mguu mzito, na sisi tukamwona akisimama mbele ya mzee na kuinama mpaka paji la uso likakaribia tope. Mwaloni ulikuwa hai, winchi ilikuwa nzima, kamba ilikuwa mpya, na watu watatu waliujua ubovu wa mkanda asubuhi ile wakauachia midomo mitatu iliyonyamaza, mmoja kwa heshima, mmoja kwa fahari, mmoja kwa mapenzi. Hapo ndipo palipokuwa pabovu, na kamba hukatikia pabovu.